Alama za Emmaculate, Jasho Langu

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo nimegundua Amerika.

Asubuhi nilikuwa na wateja wawili tu saibani, dukani kwangu kwa kompyuta na intaneti. Mmoja aliomba kuchaji simu. Mwingine aliomba kivuli. Ng'ambo ya barabara, kwa Zablon, foleni hadi mlangoni! Juzijuzi tu Zablon alikuwa fundi wa redio hapa Sindo. Sasa ana saiba, na ukutani amechora ndege, chini yake maneno: TUNAKUPELEKA MBALI. Mbali wapi? Hata kisiwa cha Rusinga hapo karibu hajawahi kumpeleka mtu.

Ndipo mteja wa simu akaniomba nimchapishie ukurasa. Nikausoma. (Mwenye mashine lazima ajue mashine inachapisha nini.) Kumbe kuna vyuo Amerika vyenye jedwali! Ukipata alama kadhaa katika mtihani uitwao SAT, wanakupunguzia karo. Ukipata zaidi, wanaifuta kabisa. Hawaulizi baba yako ni nani. Hawaulizi unamjua nani kule ofisi za kaunti. Alama tu! Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena.

Nani katika ukoo wetu ana kichwa? Mimi, bila shaka. Baada yangu ni Emmaculate, binti wa dada yangu Rispa. Alipata A katika mtihani wa kidato cha nne. Nafasi ya chuo kikuu akapata, karo ikakosekana. Baba yake hayupo duniani. Tangu hapo anamsaidia mama yake kwenye mashine ya unga, akishika gunia huku akisoma simu.

Mpango: Emmaculate afanye SAT, mimi niwe msimamizi. Akishinda, picha yetu sote wawili ukutani, mimi mbele kidogo. Zablon arudi kwenye redio.

Alasiri nikaenda kutangaza. Rispa hakuzima mashine. Aliniuliza kwa sauti ya juu kama jambo hili ni kama lile la kware. Kila mara kware! Mwaka ule Kenya nzima ilifuga kware, na Kenya nzima ilipata hasara! Emmaculate, unga hadi kwenye nyusi, akasema kwa adabu, "Nera, SAT naijua. Naifanyia mazoezi tangu Aprili. Hata nimeshajiandikisha, ila kuna jambo moja la..."

Ananiita Nera, mjomba katika Kijaluo chetu. Nilimwambia mengine yote aniachie mimi. Nimefurahi kwamba wazo langu lilimfikia mapema hivyo.

Alhamisi, 4 Septemba

Bango limepanda! KITUO CHA SAT CHA AMERIKA, TAWI LA SINDO. Nimechora na bendera. Nyota zao ni nyingi mno, nimeweka zilizoenea.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja kutoka ufuoni. Alisoma bango herufi kwa herufi, akaingia, akafungua kitambaa cha buluu mezani. Alitaka ashonewe mbili, za mikono mirefu. Nilimweleza kwamba hiyo si sati ya kuvaa (shati kwetu hutamkwa sati). Akauliza basi ni ya nini. Nikaeleza tena. Akakunja kitambaa chake na kusema mjini kumeharibika.

Zablon alivuka barabara kuja kusoma. Akaniuliza kwa upole herufi hizo zina maana gani. Nilimjibu kwamba ni siri ya kazi. (Nitatafuta kesho.) Kufikia alasiri naye alikuwa na bango: MAZOEZI YA SAT HAPA. BURE. Bure! Mtu huyu hana haya.

Emmaculate amekuja kufanya jaribio zima kwenye kompyuta yangu. Amepata 1390. Nikampongeza, akatikisa kichwa. Chuo anachokitaka kiko jimbo la Iowa, kinaitwa Harlan Creek, kidogo, kati ya mashamba ya mahindi. Katika jedwali lao 1390 inafuta nusu ya karo. Kuanzia 1450 wanatoa kila kitu: karo, bweni, chakula. Nusu ya karo kwa mtoto wa Rispa ni sawa na hakuna. Anasema hesabu anazijua, ila anaharakisha akiona muda unakwisha, na akiharakisha anakosea.

Nimemshauri asiharakishe. Hapo ndipo usimamizi unapoonekana.

Jumapili, 7 Septemba

Janga!

Sisi ni Wasabato. Rispa ni Msabato wa kuzima mashine Ijumaa kabla jua halijazama, hata kama debe lako limesagwa nusu. Mimi ni Msabato wa mbali. Sasa jana, baada ya ibada, mama mmoja akamuuliza mtihani wa Emmaculate ni siku gani. Rispa hakujua. Leo akaniuliza mimi. Nikakohoa. Akauliza tena.

Ni Jumamosi. Tarehe nne Oktoba. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu Jumanne, nikatumaini wengine hawataliona.

Nilijitetea. Nikamwambia Amerika wako nyuma yetu kwa saa nyingi, sisi tukiwa Jumamosi asubuhi wao hawajatoka Ijumaa vizuri. Akaniuliza kule itakuwa Ijumaa saa ngapi. Nikahesabu kwa vidole. Usiku. Akanikumbusha Sabato inaanza jua likizama Ijumaa. Nimejimaliza mwenyewe!

Kisha akazima mashine. Hapo nikajua mambo ni mazito.

"Boaz," akasema, "chuo ni kitu kizuri. Usiku na mchana namwombea apate. Lakini mtoto wangu hatanunua chuo kwa Sabato."

Emmaculate alifungua mdomo. Nikampa ishara anyamaze, aniachie. Nikaondoka nikiwa nimeinamisha kichwa. Nyumbani sikula. Baadaye nikala.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kwa Pasta Javan wa kanisa letu na hoja tatu na mistari ya Biblia, ukiwemo ule wa ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Nilitaka kumwonyesha kwamba mtihani ni kisima na Emmaculate ni ng'ombe. Alinisikiliza hadi mwisho. Mtu mvumilivu sana.

Halafu akaniambia Emmaculate alikuja kwake Julai. Alimwandikia uthibitisho kwamba anashika Sabato, na wenye mtihani wakampa siku ya wanaoabudu Jumamosi: Jumapili, tarehe tano, katika shule moja mjini Migori. Mambo yaliisha zamani.

Rispa je, anajua? Pasta akasema anajua tangu Jumapili. Emmaculate alimwambia nilipofika tu barabarani. Walisali, wakacheka, wakapika samaki. Hakuna aliyenipigia simu! Nilikuwa nyumbani nikihuzunika bure, kisha nikila mboga ya sukuma bila samaki.

Lakini msimamizi hafi moyo. Nimewaza: ndani ya chumba cha mtihani, nani atamwambia asiharakishe? Nimesoma masharti. Umri hauna mwisho, ukiwa na kitambulisho! Basi nami nitafanya SAT. Nitakaa karibu naye, nikimwona anakimbia nitakohoa.

Nikamwomba pasta anipe uthibitisho kama ule ili nami nipate Jumapili. Akaangalia dari. Akasema mara ya mwisho aliponiona kanisani paa lilikuwa bado la mabati ya zamani. Tumeelewana: nihudhurie kila Sabato hadi mtihani, na nisaidie darasa la watoto wadogo. Ndipo ataandika.

Kwa ajili ya elimu nitateseka.

Jumatatu, 22 Septemba

Uthibitisho nimepata. Nimejiandikisha. Watoto wadogo ni viumbe wagumu. Mmoja aliuliza Nuhu aliwaweka wapi samaki ndani ya safina. Nikamwonyesha tangi nililochora. Darasa zima likacheka. Hadi leo sijui kwa nini.

Tatizo jipya: mtihani wa siku hizi si wa karatasi. Kila mtu aje na laptopu yake, imejaa chaji. Saibani kwangu kuna kompyuta za mezani pekee, za kupigwa makofi mawili ndipo ziwake. Emmaculate alisema rafiki yake Hadiya, aliyekaa naye dawati moja sekondari, baba yake anauza simu na kompyuta mjini Migori, na kwamba ameshaongea na...

Nikamkatiza. Nikamwambia mambo ya kuomba vitu vikubwa ni ya watu wazima. Nikachukua namba na kumpigia Bwana Bashir mwenyewe.

Tulizungumza vizuri sana. Nilianza na mvua. Nikaingia biashara, mpaka wa Isebania, watoto wa siku hizi. Yeye akisema tu, "Sawa, ndugu yangu. Sawa." Nikamweleza umuhimu wa elimu kwa jamii zote. Nikamweleza mimi ni nani. Nilipofika kwenye ombi lenyewe, akasema laptopu aliituma jana, Hadiya alimwambia tangu wiki iliyopita, na bila shaka sasa iko stejini Sindo, kwenye kituo cha matatu, inatungoja. Akaongeza kwamba Emmaculate ni kama binti yake, aitumie hadi amalize.

Nilikwenda stejini. Ilikuwepo! Sijawahi kumshawishi mtu upesi namna hii.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo siandiki kwa furaha.

Emmaculate amekuwa akifanya mazoezi kwenye laptopu kila siku. 1420. 1440. Jumatatu 1430, akarudia maswali jioni nzima. Jana niliichukua, nikisema naikagua. Ukweli, niliiweka dirishani ili Zablon aione. Inang'aa. Alitazama mara mbili, nilihesabu. Kisha nikahofia asije akaingia ndani yake kwa mitambo, maana fundi wa redio huwezi kumwamini. Nikaifunga kwa paswadi mpya. Ngumu! Jina la ng'ombe wetu wa zamani, herufi kubwa na ndogo zimechanganywa, tarakimu katikati, alama mwishoni. Mwizi yeyote angekwama.

Emmaculate akaja kufanya jaribio la mwisho. Nami nikakwama.

Nilijaribu herufi kubwa mwanzoni. Kubwa mwishoni. Ng'ombe wa baba. Ng'ombe wa jirani. Laptopu ikasema ningoje kwanza. Nikangoja. Nikajaribu tena, ikasema ningoje zaidi.

Emmaculate hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliketi kwenye benchi la wateja, mikono kati ya magoti, akitazama sakafu. "Nera," akasema polepole, "Ijumaa tunaondoka." Basi. Hakunilaumu. Nikaona mwaka mzima wa mtoto huyu, simu nyeupe kwa unga, mashine ikinguruma, naye akinong'ona maswali ya hesabu kwa Kiingereza huku wateja wakimwita. Na mimi nimeufunga ndani ya jina la ng'ombe.

Akasimama. Akabeba laptopu kifuani, akavuka barabara. Kwa Zablon!

Nilitazama kupitia dirisha. Zablon aliwaambia wateja wake kitu, wakatoka nje. Akamvutia Emmaculate kiti. Akainama. Akachomeka kitu, akatoa, akachomeka kingine. Chai yake ikapoa pembeni. Kabla jua halijazama Emmaculate alirudi, laptopu wazi, mazoezi yake yote yamo. Nikauliza amedai nini. Hakudai chochote. Nikauliza alicheka kiasi gani. Hakucheka. Alimwambia tu, "Nenda ukawaonyeshe."

Mtu aliyepata nafasi ya kunicheka na asicheke ana lake. Nitamchunguza.

Ijumaa, 3 Oktoba. Migori

Tumefika kabla jua halijazama, kama Rispa alivyoamuru. Kesho tunasali hapa, keshokutwa mtihani.

Laptopu ni moja na watahiniwa ni wawili, kwa hiyo mimi nimekuja na kompyuta ya mezani. Kioo nimekifunga blanketi. Sanduku lake nimelitia gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani. Gunia halikuwa na omena, lakini liliwahi kuwa nazo, na dereva wa Probox, teksi yetu, alilalamikia harufu njia nzima.

Macalder, penye migodi ya dhahabu, tulisimama. Vijana wa migodini, matope hadi mapajani, wakaona waya zinatoka guniani. Wakaamua ni mashine ya kutafuta dhahabu! Wawili wakataka kunikodi hapo hapo. Nikawaambia ni ya mtihani. Wakakonyeza. Mmoja akasema ananiheshimu kwa kutunza siri, akaandika namba yangu. Emmaculate alicheka hadi akaegemea gari. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu matokeo ya kidato cha nne. Nikaongeza chumvi kidogo ili aendelee.

Tunalala kwa Bwana Bashir. Mkewe, Mama Hadiya, ametupikia pilau. Rispa alitupa samaki tuwaletee, nao wakapokelewa kama wageni wa tatu. Bwana Bashir alikuwa ametoka kuswali mchana. Alituangalia mezani akasema, "Leo Ijumaa ni siku yangu. Kesho ni siku yenu. Jumapili ni siku ya mtihani. Nyumba yangu wiki hii haina siku ya kawaida." Tukacheka. Kisha akamgeukia Emmaculate na kumwambia ale vizuri, alale vizuri, na asimsikilize mtu yeyote.

Nadhani alimaanisha Zablon.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefanya SAT! Wangapi Sindo wanaweza kusema hivyo?

Langoni askari aliniuliza naleta mzigo wa nani. Nikasema mimi ni mtahiniwa. Akamwita msimamizi, mama mmoja mwenye miwani. Akatazama kitambulisho, gunia, mimi, gunia. Akaniuliza betri iko wapi. Nikamjibu betri ya nini, na stima ipo? Alisoma masharti kwa muda mrefu. Mwishowe akanipeleka nyuma kabisa, karibu na soketi. Emmaculate mbele, safu ya dirisha. Vijana wote na laptopu zao nyembamba. Mimi na kitu changu kama kabati.

Sehemu ya lugha ilinishinda kiungwana. Nilikohoa mara ya kwanza, maana yake asiharakishe. Msimamizi akaniletea maji. Nikakohoa tena. Akaja akaniambia kikohozi cha tatu nitakikoholea nje. Emmaculate hakugeuka hata mara moja.

Tukaingia hesabu. Nilikuwa na mbinu: jibu ni C. Nikaenda vizuri, C, C, C, nikimtazama Emmaculate mgongo. Nikaona bega lake linaanza kupanda. Anakimbia! Nikavuta pumzi nikohoe, liwalo na liwe.

Stima ikapotea.

Feni ikasimama. Taa zikazimika. Laptopu zote zikaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Kioo kimoja tu chumbani kilikuwa cheusi, na mbele yake nilikuwa nimeketi mimi, mdomo wazi, kikohozi kimekwama.

Sikuwa na la kufanya ila kumtazama yeye. Nikaona anaweka mikono mapajani. Anafumba macho. Mabega yakashuka. Akakaa hivyo, wengine wote wakibonyeza. Nilitaka kupiga kelele muda unakwisha! Kisha akafumbua macho, akaendelea polepole, swali kwa swali, kama mtu anayechambua mchele.

Stima ilirudi mtihani umekwisha.

Nje nilimuuliza alikuwa anafanya nini pale. "Nilikuwa nimeanza kukimbia, Nera," akasema. "Feni iliponyamaza nikamkumbuka Mama. Stima ikipotea haangaiki. Anaketi juu ya gunia anapumzika hadi irudi. Nami nikapumzika kidogo."

Kwa maneno mengine, ishara yangu ilimfikia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Matokeo!

Emmaculate alikuja mbio saibani, viatu mkononi. Hakuweza kubonyeza. Nikabonyeza mimi. (Bila mimi yasingefunguka.)

1480!

Amepita 1450! Tulirukaruka. Benchi lilianguka. Zablon alisikia kelele akaja mbio akidhani ni moto. Emmaculate akamwonyesha, na yule mtu mzima akaziba uso kwa mikono na kuketi kwenye ngazi yangu. Sijui ngazi yangu inamhusu nini.

Kisha nikafungua yangu, kwa utulivu. 480. Nikauliza alama ya chini kabisa inayowezekana ni ngapi. Emmaculate akatazama pembeni, akasema 400. Basi nimeipita kwa themanini! Na stima imepotea! Tena tazama: 1480 na 480. Tarakimu tatu za mwisho ni zile zile. Damu nzito.

Rispa alinipa samaki mzima, na kichwa chake.

Maombi ya Harlan Creek yanatumwa wiki hii. Kuna insha pia. Nilijitolea kuiandika. Emmaculate akasema ameshaimaliza, na mimi nimo ndani! Nikamuuliza swali lilikuwa nini. Akasita kidogo. Walimtaka aeleze kikwazo alichokutana nacho maishani na jinsi alivyokishinda.

Nimeguswa sana. Wengine wana wajomba ambao hawatajwi popote.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilikuwa kwenye mashine ya unga kuchukua debe langu. Wateja wamejaa, mashine inanguruma, Rispa anamimina mahindi ya mama mmoja wa Magunga. Emmaculate alikuwa mlangoni na simu. Nikamwona anasoma. Anafuta kioo kwa leso, anasoma tena.

Akamwita mama yake. Mashine ikameza sauti. Akaita tena. Rispa akaonyesha sikio, kwamba hasikii. Emmaculate akajaza kifua hewa, akapiga kelele hadi kuku wakakimbia: "Mama! Wamenichukua! Kila kitu!"

Rispa akazima mashine. Mahindi ya watu katikati ya mawe ya kusagia! Siku ya Alhamisi, mchana! Pakawa kimya hivi kwamba nilisikia unga ukitua. Akamwambia asome. Emmaculate akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kijaluo. Kwa sababu ya alama zake wanampa ufadhili wao wa juu kabisa. Karo. Bweni. Chakula. Miaka yote. Aripoti Agosti.

"Soma tena hapo pa chakula," Rispa akasema.

Akasoma tena. Rispa akaketi juu ya gunia, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Hatukujua analia au anacheka. Nadhani naye hakujua. Mama wa Magunga, ambaye alikuwa ameanza kulalamika juu ya mahindi yake, akapiga kigelegele cha kwanza. Vingine vikafuata hadi barabarani.

Mimi sikulia. Unga uliniingia machoni. Hapo pana unga mwingi.

Nauli bado. Rispa amesema nauli haimnyimi mtu usingizi, na wa kanisani wameanza kuulizana. Bwana Bashir alipiga simu, akasema laptopu isirudi, iende Iowa.

Jumatatu, 17 Novemba

Juzi kanisani kulikuwa na shukrani. Nilitoa hotuba. Nilieleza safari yote tangu nilipogundua Amerika, jinsi nilivyotafuta laptopu, nilivyopigania Jumapili, nilivyoingia chumbani mwenyewe. Hotuba ilikuwa bado imefika Macalder tu Pasta Javan alipochukua kipaza sauti. Emmaculate aliongea baada yangu, maneno machache, akamshukuru mama yake, Hadiya na Bwana Bashir, Zablon, na mwisho akasema, "Na Nera wangu, ambaye hakuniacha peke yangu hata nilipomwomba." Watu walicheka kwa furaha. Nilisimama nikapunga mkono.

Leo Zablon amevuka barabara na viti viwili. Akaketi kimoja, akanipa kingine. Amesema watoto saba wameshakuja kuuliza habari za SAT, wengine wametoka Mbita. Emmaculate amekubali kuwafundisha hadi Agosti. Yeye Zablon ana intaneti nzuri, mimi nina chumba kikubwa. Tuache ushindani, tufanye kituo kimoja cha kweli. Atatengeneza kompyuta zangu zote, zisihitaji makofi. Rispa ameona ni wazo zuri. Pasta ameona ni wazo zuri. Emmaculate alinishika mkono kabisa, akasema, "Nera, tafadhali, hili kubali tu."

Nimewaambia nitafikiria.

Sitafikiria! Wao wamekwama kwenye SAT wakati dunia imekwenda mbele. Asubuhi kwa kinyozi nimesikia kwamba China nao wana mtihani, wa Kichina, na ukipata alama za juu wanakusomesha bure. Hakuna kituo kaunti yetu nzima ya Homa Bay! Zablon hajui Kichina. Mimi pia sijui, lakini yeye hajui kwamba sijui.

Nimeshajifunza kusema "nihao", salamu yao. Rangi ya bango haijakauka, na wanafunzi wawili wamelipa. Masomo yanaanza Alhamisi. Mwalimu ni mimi.